Krimu ya Ireland na ng'ongo za Limpopo: pombe tamu mbili, na kilichomfikia mkulima



Msimu huu nimeulizwa swali moja na watu wa aina mbili. Wenye maduka wanauliza kwa nini chupa ya Amarula, ile yenye tembo, inauzwa kwa bei ya kuku wa kienyeji wawili watatu na bado wateja wanaiulizia sikukuu hata sikukuu. Wakulima nao, wakishasikia kwamba tunda lililomo ni ng'ongo, ng'ongo hizi hizi zinazooza chini ya miti yetu na kuliwa na mbuzi, wanauliza: basi na sisi tuuze wapi?

Jibu fupi lipo, lakini halitakusaidia bila kujua mambo yalivyoanza. Kwa hiyo leo sikuletei kanuni za mbolea. Nakuletea historia.

Neno moja kabla hatujaendelea. Najua wasomaji wengi hawatumii pombe kwa sababu ya imani yao, na wengine hawataki hata kuifanyia biashara. Kila mtu na uamuzi wake, simshawishi mtu kunywa. Ila kisa hiki kina mambo mengi ya maziwa, matunda na ushirika ambayo yanamhusu hata asiyegusa chupa.

Pombe tamu ni nini hasa

Madukani kwetu hakuna jina moja la vinywaji hivi. Watu huita kwa jina la chupa: nipe Amarula, nipe Baileys. Mimi nitaita pombe tamu. Ni pombe kali iliyotiwa sukari pamoja na ladha ya kitu fulani: tunda, majani, mizizi, kahawa, maganda ya chungwa au krimu ya maziwa. Konyagi siyo pombe tamu, kwa sababu haina sukari ya kuitamanisha. Huko Ulaya sheria inataka kinywaji cha namna hii kiwe na kilevi kisichopungua asilimia 15, na kwa kawaida sukari isiyopungua gramu 100 kwa kila lita. Ukipima gramu 100 kwenye mizani ya dukani utaona si sukari ya mchezo.

Zilianza kama dawa. Watawa wa Ulaya walikuwa wakiloweka majani na mizizi kwenye pombe kali kwa sababu pombe huvuta harufu na nguvu ya mmea na kuitunza isioze. Chartreuse ya Ufaransa inatokana na maandishi waliyopewa watawa mwaka 1605. Iliwachukua miaka mingi kuyaelewa, na kanuni iliyokamilika ni ya mwaka 1737. Hadi leo wanaochanganya majani yale, aina 130 kwa hesabu yao wenyewe, ni watawa. Dunia ilipoanza kuigombania Chartreuse miaka ya karibuni, wao wakasema hawataongeza uzalishaji, maana kazi yao ya kwanza ni sala. Bei ikapanda. Wafanyabiashara wachache wangethubutu kufanya hivyo!

Sukari ilipokuwa ghali, vinywaji hivi vilikuwa vya wakubwa. Ilipoanza kushuka bei, kwanza kwa miwa ya visiwa vya Karibiani iliyolimwa kwa jasho la watumwa, baadaye kwa sukari ya kiazi cha Ulaya, viwanda vikaongezeka na mtu wa kawaida akaweza kununua.

Kuna kisa kimoja cha hapo kati ambacho wakulima wa machungwa wa Muheza watakipenda. Wahispania walipofika kisiwa cha Curaçao, karibu na pwani ya Venezuela, walipanda michungwa kutoka kwao. Ardhi ilikuwa kavu na jua kali. Matunda yakatoka madogo, machungu, hayaliki, na miti ikaachwa ikamea porini. Baadaye watu wakagundua kwamba maganda ya chungwa lile chungu yakianikwa juani yana mafuta yenye harufu nzuri kuliko ya chungwa tamu. Pombe tamu ya Curaçao ikatoka hapo, na jina la kisiwa likaenea dunia nzima kwa sababu ya zao lililoshindwa. Huko Ufaransa nako nyumba ya Cointreau, mjini Angers, ikajenga utajiri wake kwa maganda ya machungwa, matamu na machungu. Sisi maganda tunayatupa jalalani. Sisemi tuanze kiwanda kesho. Nataka tu uangalie lile jalala kwa jicho jingine.

Ireland, 1973

Sasa tuje kwenye chupa ya kwanza, Baileys. Hapa nitakaa kidogo, maana wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wana la kujifunza.

Mwaka 1973 Ireland iliingia Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya pamoja na Uingereza na Denmark. Kwa mfugaji wa Ireland hiyo ilikuwa na maana moja kubwa: bei ya maziwa ikawa na ulinzi na soko likapanuka. Watu wakaongeza ng'ombe. Baada ya miaka michache Ulaya nzima ilikuwa na maziwa kupita kiasi, siagi ikarundikwa maghalani mpaka watu wakazungumzia milima ya siagi, na mwaka 1984 ikabidi kila nchi iwekewe kikomo cha maziwa. Kikomo hicho kiliondolewa mwaka 2015.

Upande wa pili, pombe kali ya nafaka ya Ireland, wiski, ilikuwa taabani. Zamani iliuzwa dunia nzima, lakini kufikia miaka ya 1970 viwanda vilivyobaki vilihesabika kwa vidole vya mkono mmoja na vilikuwa vimeungana kuwa kampuni moja ili visife.

Kwa hiyo nchi ilikuwa na krimu ya kutosha na wiski isiyo na wanunuzi wa kutosha. Kampuni ya Gilbeys ya Ireland ikataka kinywaji kipya cha kuuza nje, na kazi ya kubuni ikapewa washauri wawili wenye ofisi Soho, London: David Gluckman na Hugh Seymour-Davies. Gluckman aliwahi kushughulikia matangazo ya Kerrygold, ile siagi ya Ireland iliyoanza kuuzwa kwa jina hilo mwaka 1962. Kwa maelezo yake mwenyewe, alikumbuka jinsi watu walivyoiamini Ireland kwa maziwa, akamuuliza mwenzake itakuwaje wakichanganya wiski na krimu. Wakatoka kwenda dukani, wakanunua chupa ya Jameson na krimu, wakachanganya. Ladha ikawa mbaya. Wakaongeza sukari na unga wa kunywa wa chokoleti wa Cadbury. Hapo wakatazamana.

Jina nalo halina babu. Hakuna mzee Bailey aliyerithisha siri kwa wanawe. Jina lilitokana na mgahawa uliokuwa kwenye jengo lao la ofisi Soho. Majaribio ya kwanza na wanywaji nayo hayakuwa ya kushangilia. Wanaume walisema ni kinywaji cha kike, na wapo waliosema kinafanana na dawa ya tumbo. Gilbeys wakaendelea hata hivyo, na mwaka 1974 Baileys ikaingia sokoni.

Lakini kuchanganya kwenye kikombe ni kitu kimoja, na kuuza chupa inayokaa rafuni miaka miwili ni kitu kingine kabisa. Wewe mfugaji unajua maziwa yakilala usiku kucha krimu hupanda juu. Ukitia pombe kali kienyeji, asubuhi unakuta mafuta yameelea na chini kuna maji ya kahawia. Ufumbuzi wao ulikuwa kuupitisha mchanganyiko kwenye mashine yenye mgandamizo mkubwa, kupitia tundu jembamba sana, ili matone ya mafuta yavunjike yawe madogo mno na yasiweze tena kupanda juu kwa urahisi. Protini ya maziwa huyazunguka matone hayo yasishikane. Kilevi, asilimia 17, huzuia vijidudu. Ndiyo maana krimu ile haihitaji dawa ya kuhifadhi.

Wengi wakisimulia kisa hiki humsifu Gluckman na kikombe chake. Mimi nawasifu zaidi wakulima wa mwaka 1889. Mwaka huo, katika mji mdogo wa Drumcollogher, eneo la Limerick, wafugaji walianzisha kiwanda cha kwanza cha ushirika cha kutenganisha krimu nchini Ireland, wakisukumwa na Horace Plunkett, bwana aliyezunguka vijijini akihubiri ushirika. Sababu ilikuwa aibu. Siagi ya Denmark ilikuwa inaipiga siagi ya Ireland kwenye soko la Uingereza kwa kuwa siagi ya Denmark ilikuwa na ubora uleule kila wiki, wakati ya Ireland kila nyumba ilitengeneza kwa namna yake, nyingine safi, nyingine inanuka. Baada ya Drumcollogher vyama vya krimu vikaenea nchi nzima.

Kwa hiyo Gilbeys walipohitaji krimu miaka 84 baadaye hawakwenda kugonga mlango wa mfugaji mmoja mmoja. Walikuta maziwa yanakusanywa kila siku, yanapimwa mafuta, yanapozwa, na mkulima analipwa kwa karatasi inayoonyesha lita na ubora. Kiwanda cha maziwa cha Virginia, eneo la Cavan, kikawa mlango wa kupitishia krimu hiyo, na kazi hiyo imeendelea kwa miongo. Mwaka 1978 ikaja Carolans, kisha nyingine nyingi za kuiga. Baadaye Ulaya ikalilinda kisheria jina la krimu ya Ireland, yaani pombe ya krimu isiyotengenezwa kisiwani humo haina ruhusa ya kujiita hivyo. Baileys yenyewe iko mikononi mwa Diageo, kampuni iliyoundwa mwaka 1997, na ni miongoni mwa pombe tamu zinazouzwa zaidi duniani.

Je, mfugaji wa Cavan alitajirika? Hapana. Alipata bei ya maziwa, siyo bei ya chupa. Ila alipata mnunuzi wa kudumu wa krimu katika miaka ambayo wenzake wa Ulaya siagi yao ililala ghalani, na chama chake kilikuwa na nguvu ya kukaa meza moja na mnunuzi. Hicho si kidogo.

Phalaborwa, na mti wetu

Chupa ya pili ina historia fupi zaidi, ila ndiyo inayotugusa. Marula ya Afrika Kusini ni mng'ongo. Mti ni uleule ambao wataalamu wanauita Sclerocarya birrea, na Tanzania tunao katika maeneo makavu mengi, Dodoma ikiwemo. Tunda likiwa bado la kijani huanguka lenyewe, kisha huiva na kuwa njano likiwa chini. Vitamini C yake inazidi ya chungwa mara kadhaa. Ndani kuna kokwa ngumu kama jiwe, na ndani ya kokwa kuna viini viwili vitatu vyenye mafuta.

Watu wa kusini mwa Afrika walitengeneza pombe ya tunda hili kabla hakujawa na kampuni yoyote. Huko kaskazini mwa Namibia wanawake hutoboa tunda kwa pembe ya ng'ombe, wakakamua juisi na kuichachusha, na sherehe yao ya msimu wa ng'ongo iliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2015. Kwa desturi za jamii nyingi za huko mti jike haukatwi shambani. Afrika Kusini imeuweka mti huu kwenye orodha ya miti inayolindwa na sheria ya misitu ya mwaka 1998: kuukata bila kibali ni kosa.

Kampuni ya Southern Liqueur, tawi la kampuni kubwa ya mvinyo ya Stellenbosch Farmers' Winery, ilitoa kwanza pombe kali ya marula mwaka 1983. Septemba 1989 ikaja Amarula ya krimu. Tazama tarehe hiyo. Wakati huo Afrika Kusini ilikuwa chini ya vikwazo kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Miezi mitano baadaye, Februari 1990, Mandela akatoka gerezani, vikwazo vikaanza kulegea, na kufikia uchaguzi wa 1994 bidhaa ya Afrika Kusini ilikuwa inaweza kusimama rafuni karibu nchi yoyote. Chupa yenye tembo ilikuwa tayari inasubiri mlango ufunguliwe. Watalii wanaokwenda hifadhi ya Kruger, iliyo jirani kabisa na Phalaborwa, wakaibeba kwenye mabegi kama zawadi ya Afrika.

Kuhusu tembo: ile habari kwamba tembo hula ng'ongo zilizochacha wakalewa ilienezwa sana na filamu ya mwaka 1974. Mwaka 2006 wanasayansi walipiga hesabu ya uzito wa tembo na kilevi kilichomo kwenye tunda, wakaona haiwezekani, angehitaji kula kupita uwezo wa tumbo lake. Kwa hiyo mteja wako akikusimulia, cheka naye, mwuzie, ila usimthibitishie.

Kazi inakwenda hivi. Msimu wa tunda kule ni Januari hadi Machi. Watu wa vijiji vya Limpopo, wengi wao wanawake, huokota matunda chini ya miti, huyapeleka kwenye vituo na hulipwa kwa uzito. Kiwandani Phalaborwa kokwa hutengwa na nyama ya tunda. Nyama huchachushwa kama mvinyo, kisha hukenekwa, yaani huchemshwa na mvuke wake ukapozwa kuwa pombe kali. Pombe hiyo hukaa miaka miwili kwenye mapipa madogo ya mwaloni. Mwisho hutiwa krimu na sukari, kilevi kikiwa asilimia 17 kama ya Baileys.

Sasa hesabu mwenyewe aliyepata nini. Muokotaji analipwa kwa wiki chache za msimu kwa tunda ambalo halikai, maana likiiva leo, baada ya siku chache limeharibika. Hana ghala la kusubiria bei. Mti si wake peke yake, uko kwenye ardhi ya jamii, na jirani yake anaokota palepale. Mnunuzi mkubwa ni mmoja. Mtu mwenye tunda linalooza, mti usio na mwenyewe na mnunuzi mmoja hapangi bei, anapangiwa. Simlaumu mnunuzi kwa hilo. Fedha ya Februari, wakati wa ada na madaftari ya shule, inasaidia familia nyingi na watu wanaisubiri. Lakini tuseme ukweli kwamba thamani ya chupa iko kwenye pipa la miaka miwili, kwenye mashine, kwenye matangazo na kwenye lile jina. Na jina linauzika lenyewe: mwaka 2000 kampuni mama iliungana na nyingine ikawa Distell, na mwaka 2023 Distell ikanunuliwa na Heineken ya Uholanzi. Tunda halikubadilika hata kidogo katika shughuli zote hizo.

Linganisha na wanawake wa kaskazini mwa Namibia. Wao waliacha tunda na kushika kokwa. Kokwa iliyokauka haiozi, inakaa miezi. Unaivunja ukimaliza kazi za shamba, unatoa viini, unavikusanya. Vyama vya wanawake vya huko viliungana katika ushirika wa Eudafano, wakapata mtambo wa kukamua, na mafuta yao yakauzwa kwa watengenezaji wa vipodozi, The Body Shop akiwa miongoni mwao. Kuvunja kokwa ni kazi ya kuumiza vidole na kiini ni kidogo. Ila wana kitu ambacho muokotaji wa tunda hana: wanaweza kusema hapana leo na wakauza mwezi ujao.

Wanywaji wamebadilika

Hapa nawalenga wenye maduka na baa ndogo. Zamani pombe tamu ilinywewa glasi ndogo baada ya chakula cha usiku, na wazee. Leo inawekwa barafu, inatiwa kwenye kahawa, inamwagiwa aiskrimu. Italia kuna Aperol, iliyobuniwa mwaka 1919 mjini Padova, kilevi chake asilimia 11 tu. Kampuni ya Campari iliinunua mwaka 2003, na tangu hapo imeenea Ulaya na Marekani ikinywewa na maji ya gesi na mvinyo, kwenye glasi kubwa, mchana. Ladha ya kahawa nayo iko juu. Kahlúa ya Mexico imekuwepo tangu 1936, Kenya wana Kenya Gold yao, na mwaka 2022 Diageo walinunua kampuni ya Australia inayotengeneza pombe tamu ya kahawa. Sambamba na hayo, wapo wateja wasiotaka maziwa na wasiotaka sukari nyingi: Baileys wametoa chupa ya maziwa ya lozi na nyingine yenye sukari pungufu.

Ukiyaweka pamoja utaona mnywaji anataka kilevi kidogo, ladha zaidi, na hadithi ya mahali. Hadithi ya mahali ndiyo bidhaa adimu, na vijiji vyetu vimejaa.

Kwetu, mlevi wa bei ndogo alizoea viroba mpaka serikali ilipovipiga marufuku tarehe 1 Machi 2017. Tangu hapo pombe kali ni chupa, na mteja anayenunua chupa huangalia zaidi anachonunua. Ukiuza pombe za krimu, zingatia haya. Angalia stempu ya kodi kwenye kifuniko na usinunue kwa mtu anayekuja na boksi usiku. Soma tarehe, maana krimu ina mwisho: Baileys wanaahidi miaka miwili tangu kutengenezwa, tena ikikaa kwenye joto lisilozidi nyuzi 25. Ile tabia ya kupanga chupa kwenye dirisha la mbele ili zionekane, jua la saa nane likizipiga, ndiyo inayozikatisha. Mwambie mteja asichanganye na ndimu wala kinywaji chenye uchachu, maziwa yatakatika glasini halafu atasema umemuuzia feki.

Basi tuuze wapi?

Nirudi kwa mwenye miti. Jambo la kwanza: usijaribu kukeneka nyumbani. Gongo bila leseni ni kosa la jinai, na mtambo wa pipa na bomba la kuokota hauna namna ya kutenga sumu ya methanoli ambayo hupofusha na kuua. Anayetaka kutengeneza kinywaji kwa halali aanze na usajili wa biashara, TRA na TBS, na kwa mafunzo ya usindikaji awaone SIDO wa mkoa. Juisi na jamu ya ng'ongo hazina mlolongo wa vibali vya kilevi, na ndizo ningeanza nazo.

La pili: usiuze tunda bichi kama mali pekee. Kausha kokwa, zihifadhi pakavu. Soko la mafuta ya viini kwetu bado changa, sitakudanganya kwamba mnunuzi yuko barabarani anasubiri, lakini kokwa inakupa muda wa kumtafuta na tunda halikupi.

La tatu ndilo linaloniuma zaidi. Tunakata miti hii kwa mkaa na vinu. Mng'ongo una dume na jike, kila mmoja mti wake, na jike tu ndiye anayezaa. Wapo wanaokata dume wote kwa kuwa hawana faida, halafu wanashangaa jike hawazai vizuri. Acha dume wachache karibu. Ukitaka kupanda, kokwa iliyokaa miezi kadhaa huota vizuri kuliko mbichi, na ukibandua vile vifuniko vidogo juu ya kokwa unaisaidia kuchipua. Ila mche wa mbegu hutajua ni dume au jike mpaka utoe maua, miaka mingi baadaye. Kwa hiyo bebesha kikonyo cha mti jike unaoujua, wenye matunda makubwa, au chukua gogo la tawi lake nene, lichimbie ardhini kabla ya mvua kama unavyofanya kwa miti ya uzio. Unakubali.

Nimeanza kuhesabu miti jike kwenye vijiji vya kata yangu. Ninachohitaji kutoka kwa kila kitongoji ni vitu vitatu: idadi ya miti jike, wiki matunda yanapoanza kuanguka, na jina la mtu mmoja anayeweza kukusanya kokwa za wenzake mahali pamoja. Leteni ofisi ya kijiji kabla msimu haujaanza, nitapita kuchukua.